Meditesheni si ya wageni wa Shela peke yao

Huku kwetu mtu akisema ana wasiwasi huambiwa aswali zaidi, au apelekwe akasomewe, au huambiwa tu "wacha kufikiri sana" na maneno yanaishia hapo. Mimi sina neno na swala wala kusomewa, mamangu mwenyewe alinisomea na nilipata raha, lakini leo nataka kuandika kuhusu kitu kingine kilichonisaidia, ambacho watu wengi hapa Lamu wanakiona ni cha wazungu wanaotandika mikeka yao juu ya mapaa kule Shela asubuhi. Meditesheni, yaani kukaa ukaiangalia pumzi yako. Naandika manake najua kuna mtu Langoni au Mkomani au Wiyoni sai yuko macho na simu yake usiku huu, moyo unamwenda mbio na hajui kwa nini, na anadhani ni yeye peke yake.

Wasiwasi wangu mimi ulianzia mwilini kabla ya kufika kichwani. Nilikuwa kwenye boti natoka Mokowe, watu wamejaa, jaketi la kuokolea limenibana shingoni, na bahari imelala kabisa hakuna hata wimbi la kumtisha mtoto, mara kifua kikakaza, vidole vikaanza kufa ganzi, halafu midomo, nikawa navuta pumzi za juu juu na kila nikivuta naona haitoshi navuta tena. Nilishika ubao wa kukalia kwa mikono miwili. Mama mmoja aliyekaa ubavuni mwangu akanishika kifundo cha mkono akaniuliza "mwanangu, una nini?" na sikuweza kumjibu, nilikuwa na hakika kabisa kwamba nakufa na kwamba nitafia pale kabla ya kufika jeti.

Hospitali wakanipima moyo, presha, sukari, damu, kila kitu salama. Muuguzi mmoja ndiye aliyekaa na mimi akanieleza, Mungu amlipe kheri. Alisema ukiogopa unapumua haraka kuliko mwili unavyohitaji, unaitoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, na ikipungua kwenye damu ndo hapo vidole vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi, kwa hivyo ile hewa niliyodhani nimeikosa nilikuwa nayo tele. Nililia niliposikia hivo. Nilikuwa nimejibebesha maradhi ya moyo kichwani mwangu muda mrefu na hakuna aliyenielezea kitu rahisi kama hicho. (Na wewe ukiumwa na kifua usijiambie ni wasiwasi tu, nenda kapimwe kwanza, hilo halina mjadala.)

Sasa aliyenifundisha kukaa ni shemeji yangu, anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Shela, na kule kila mwaka wanakuja watu wa yoga na meditesheni, na yeye kwa kuwahudumia akajifunza. Nilimwambia shemeji mimi sitaki dini ya watu. Akanambia "Shemeji, kaa tu upumue, hakuna utakachoapa." Baadaye nikasoma mwenyewe nikakuta ni kweli mizizi yake mingi ni ya Mabudha, hilo wala halifichwi, lakini hii inayotumiwa hospitalini leo sehemu kubwa imetoka kwa Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 pale Chuo Kikuu cha Massachusetts, upande wa udaktari, alianzisha kozi, ambayo leo ni ya wiki 8, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na stresi, akaondoa mambo ya ibada akabakisha mazoezi. Na mwaka 2022 watafiti huko Marekani wakiongozwa na Daktari Elizabeth Hoge wa Chuo Kikuu cha Georgetown walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi, kundi moja likapewa hiyo kozi ya wiki 8 na kundi lingine likapewa dawa inayoitwa escitalopram, na mwishoni wasiwasi ulikuwa umepungua kwa makundi yote mawili karibu sawasawa. Mimi hii ilinipa nguvu sana. Lakini soma vizuri, wale watu walikuwa na darasa la saa mbili na nusu kila wiki na nyumbani wanafanya dakika 45 kila siku, sio mambo ya kufumba macho kidogo ukingoja chai ichemke halafu useme umejaribu haifanyi kazi.

Mimi nakaa baada ya swala ya alfajiri, juu kwenye makuti, kabla jua halijaanza kuchoma. Nakaa kwenye kiti cha kawaida, miguu chini, mgongo sawa, hakuna kukunja miguu kama unavyoona kwenye picha. Halafu naiangalia pumzi. Ukiweka akili pale puani utasikia hewa inayoingia ni baridi kidogo na inayotoka ni ya moto, na kati ya kutoka na kuingia kuna kituo kidogo ambacho hujawahi kukijua maisha yako yote. Basi hiyo ndo kazi, kukaa na hiyo. Haitapita muda akili ishakwenda, ishafika kwa deni la dukani, ishafika kwa mtu aliyekuangalia vibaya harusini, na hapo ndo wengi wanakata tamaa wanasema mimi siwezi, kichwa changu hakinyamazi. Hakuna anayekwambia kinyamaze! Shemeji alinielekeza hivi, umekaa barazani na watu wanapita kichochoroni, kila anayepita anakutolea salamu na wewe unamjibu, lakini huinuki ukamfuata mpaka kwake. Wazo likija lijibu salamu liende zake, wewe rudi kwenye pumzi. Ukirudi mara mia kwenye kikao kimoja basi umefanya mazoezi mara mia, hujashindwa hata moja.

Na usingoje kimya, manake Lamu kimya hakuna. Punda analia, mota za boti zinaanza, jirani anatwanga, watoto wanagombania bafu. Mwanzoni nilikuwa nakereka na kila sauti kama inanifanyia makusudi, kumbe sauti nayo unaweza kukaa nayo vile vile unavyokaa na pumzi, unaisikia inaanza, inapanda, inakwisha, bila kuanza kumtukana mwenye punda moyoni.

Kitu kingine ambacho ningependa kila mtu akijue ni pumzi ya kutoka. Jaribu sasa hivi, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, vuta pumzi polepole halafu itoe kwa muda mrefu zaidi, na watu wengi watasikia wenyewe moyo unakwenda kasi kidogo pumzi ikiingia na unapunguza ikitoka. Hiyo inafanywa na neva moja kubwa inaitwa vegasi, inatoka kwenye ubongo inapita shingoni mpaka kifuani na tumboni, na ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo. Kwa hivyo hofu ikinishika mjini, hata nikiwa nimesimama kwenye duka, natoa pumzi ndefu kwa mdomo kama napuliza chai, narudia, narudia, mpaka zinafika kama pumzi 6 kwa dakika. Hakuna anayejua nafanya nini. Haiondoi hofu yote lakini inanirudishia mikono yangu, nikaweza kulipa nikatoka.

Kuhusu dini, kwa sababu najua swali litakuja. Aya ya 28 ya Suratu Raad inatwambia nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu na mimi hilo naliamini kabisa, tasbihi yangu iko mfukoni. Lakini dhikri ni ibada, naifanya kwa ajili Yake, hata siku ambayo sitapata utulivu wowote bado nadaiwa. Kukaa na pumzi ni mazoezi ya mwili na akili, naweka kwenye fungu moja na kutembea na kulala mapema. Nimeona nikivitenganisha hivi kila kimoja kinakaa sawa, na nimeacha kujiuliza kama wasiwasi wangu maana yake imani yangu ni ndogo. Wallahi hilo swali limewaumiza watu wengi huku kwetu kuliko wasiwasi wenyewe. Mtu anatetemeka halafu juu yake anabebeshwa na dhambi.

Kuna watu ambao wakifumba macho na kuangalia pumzi hali inazidi kuwa mbaya, hasa mtu aliyepitia jambo zito, na sisi hapa tunao watu waliopitia mambo mazito. Ikiwa ni wewe usijilazimishe. Fumbua macho, au acha pumzi kabisa utembee. Binamu yangu yeye hawezi kukaa, anatembea, maji yakitoka anashika njia ya ufukweni kutoka mjini kwenda Shela, simu mfukoni, anasikiliza kisigino kinavyogusa mchanga, kisha unyayo, kisha vidole, akipotea kimawazo anarudi mguuni. Kwake ndo meditesheni yake na nimemwona alivyobadilika. Angalia pia unachokunywa na unachotafuna, kahawa chungu ya usiku na muguka vyote vinauamsha moyo, sasa unataka kuutuliza kwa mkono huu na kuuamsha kwa huu.

Na mimi sijapona kiasi cha kusema sina wasiwasi tena. Unakuja, hasa wiki ambazo silali vizuri, lakini sasa naujua mapema, nausikia kwenye mabega na kwenye taya kabla haujafika kifuani, na ule muda mdogo wa kuujua ndo umenirudishia kazi yangu na safari zangu.

Ukiamua kuanza waambie watu wa nyumbani, nyumba zetu zimejaa na mtu akikukuta umekaa kimya peke yako atadhani umefiwa. Mamangu mwanzoni alikuwa ananiita kila nikikaa, nikamweleza, sasa ndiye anayewazuia watoto wasipande. Na kama tayari unatumia dawa za hospitali usiziache kwa sababu ya chapisho hili wala kwa sababu ya maneno ya shemeji yangu, mwambie daktari wako unaanza haya mazoezi na yeye ndiye mtakayepanga naye.