Mkuki unaowaka bado haujawa mkuki

Moshi, Jumapili usiku

Gemu ya Skyrim ilipotoka mwaka 2011 haikuwa na mkuki wa kushika mkononi ukapigania. Mapanga tele, mashoka, marungu, pinde, ila mkuki hamna, ingawa Morrowind ya 2002, gemu ya ukoo huo huo, ilikuwa nao. Kwa mtu aliyekulia upande huu wa mlima hilo halivumiliki, nikaamua kujiundia wangu. Umbo nililichonga kwenye Blender, programu ya kuundia maumbo ya 3D, na wiki hii kazi imekuwa moja tu: kuufanya uwake.

Anayeuona mwako wa namna hiyo hudhani ni moto. Ni vipande bapa vya mraba, kila kimoja kimebandikwa picha ya doa la mwanga kwenye weusi, na vyote vinaigeukia kamera muda wote ili ubapa wao usionekane. Weusi unapotea kwa sababu rangi hapa hazifunikani, zinajumlishwa, na weusi ni sifuri, hauongezi kitu. Hapo ndipo ninapopapenda. Kompyuta hupima kila rangi kuanzia 0 hadi 255. Chukua rangi ya chungwa: nyekundu 255, kijani 120, buluu 20. Cheche mbili zikipandiana, nyekundu imeshagota kwenye 255, haina pa kwenda tena. Kijani kinapanda hadi 240, na jicho linaona njano. Zikizidi kurundikana, inaelekea nyeupe. Kitovu cha moto kinajipaka rangi chenyewe.

Halafu kuna hesabu ya uhai. Cheche 30 kwa sekunde, kila moja ikiishi sekunde 2, ni 60 hewani kwa wakati mmoja, na kadi ya michoro inalazimika kupaka pikseli ile ile mara nyingi. Feni ya laptopu ikaanza kulia. Mpwa wangu akachungulia: "Anko, huo mkuki au Noah ya harusi?"

Nilicheka, lakini nikakumbuka Mamba.

Kule Mamba, jirani na Marangu, wahunzi bado wanafua. Zamani chuma kilikuwa kikitoka Ugweno, Upare ya Kaskazini, walikokuwa wakikiyeyusha akina Washana. Siku hizi chuma chakavu kinatosha. Nilipokwenda, nilimwamkia mzee mmoja, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Kijana wake alipobana mivukuto, makaa yalirusha cheche zikapanda juu na hewa ya moto. Nyundo iliposhuka, cheche nyingine ziliruka pembeni zikaanguka chini. Hizo ni tabia mbili tofauti kabisa, na modi nyingi, yaani nyongeza za gemu zinazoundwa na wachezaji, huzichanganya. Ncha ilikuwa imeiva nyekundu, nikaomba kuipiga picha kabla haijapoa.

"Piga tu, kijana. Ila hapo bado si mkuki. Hapo unapinda."

Kwenye gemu za namna hii mara nyingi silaha inayong'aa zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa mhunzi, kung'aa ni ulaini. Chuma kinachowaka kinatii nyundo, na ugumu unakuja kikishazimwa. Sijui kwa nini jambo hilo halikunijia mapema, nami nimekula miaka mbele ya skrini nikivizia mapanga ya buluu na zambarau.

Basi usiku huu nimeuzima wangu. Nimefungua faili kwenye NifSkope, programu ya kuhariri maumbo ya gemu hii, nikaondoa mwako wote wa ubapa wa ncha. Cheche nimezipunguza hadi 12 kwa sekunde, uhai sekunde 0.7, maana yake zinazoonekana kwa pamoja ni kama 8. Nimezipa uzito zianguke, na nimeziachia dunia ya gemu badala ya kuzifunga kwenye mkuki: ukizungusha mkono zinabaki nyuma na kufa pale pale zilipozaliwa. Badiliko hilo moja limefanya kazi kuliko tekscha zote, picha za kubandika juu ya umbo, nilizohangaika nazo. (Na hapana, cheche hizi haziangazi ukuta wa pango. Hazitoi mwanga, zinajifanya tu. Ukitaka ukuta uangaze, weka taa ya pembeni.)

Mpwa hajaridhika. Anataka buluu. Ningemkatalia moja kwa moja, kumbe buluu nayo ni ya kwa mhunzi: chuma cha feleji kilichozimwa, kikasuguliwa na kupashwa moto tena taratibu, kwenye nyuzi kama 300 za Selsiasi kinavaa utando wa buluu, na hapo kinakuwa kigumu chenye kunepa kidogo bila kukatika. Ila buluu hiyo haiwaki. Nitampakia kwenye tekscha ya ncha, bila cheche hata moja, na najua ataniuliza iko wapi.