Kuifuata mvua ya radi mpaka Makuyuni

Nyumbani kwetu Ngaramtoni, radi ikianza, Mama alikuwa anafunika kioo cha kabati kwa kanga, anazima redio, na mwenye nguo nyekundu anaambiwa akaivue. Wenzangu walijikunyata kitandani. Mimi nilichungulia dirishani. Leo nina miaka 34, nauza vipuri vya pikipiki mjini Arusha, na siku hizi natoka kabisa kuifuata.

Nilianza Novemba moja, nikitoka Kisongo kumpelekea mteja mzigo. Upande wa Monduli niliona wingu limesimama peke yake, chini jeusi, juu limefura, na kilele chake kimetandazika bapa kama fuawe ya mhunzi. Niliacha daladala ikaondoka. Nilikaa kwenye jiwe pembeni ya barabara mpaka giza likaingia, wingu likiwaka ndani kwa ndani kama taa ya chemli inayopepeswa na upepo. Baadaye nilisoma kwamba wingu la aina hiyo, huku kwetu karibu na ikweta, laweza kupanda hadi kilomita 16 hivi. Mlima Meru una mita 4,566. Pandanisha Meru tatu, bado hujafika.

Wengi hudhani masika ndiyo msimu wangu. Hapana. Aprili mbingu yote huwa kijivu, mvua inanyesha siku nzima na huoni umbo la kitu. Mimi nasubiri vuli, Oktoba mpaka Desemba. Asubuhi jua linachoma, hewa yenye unyevu inapanda miteremko ya Meru na Monduli, na kufikia saa nane mchana mawingu yameanza kuchomoza. Nasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, natazama picha za setilaiti kwenye simu, kisha nampigia shemeji yangu mwenye Noah. Mafuta tunachangia.

Vijana wa bodaboda dukani hunisihi wanipeleke wao. Siwezi. Mwanga ukipiga nahesabu sekunde mpaka ngurumo ifike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, tunaingia garini na kufunga vioo, na hatutoki mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo yoyote. Kinachotukinga ni bodi ya chuma, ambayo huupitisha umeme kwa nje mpaka ardhini. Matairi ya mpira hayakingi, hata kama kila mtu barabarani atakuapia hivyo. Pikipiki nayo ina matairi ya mpira, na dereva wake yuko wazi kabisa.

Hayo niliyajua mapema. Nisilolijua nilifundishwa Makuyuni, mwaka wangu wa pili. Tulikuwa tumeegesha kwenye ukingo wa korongo kavu, mchanga mweupe, mahali pazuri mno pa kusimamisha kamera. Mvua ilikuwa mbali, juu milimani. Juu yetu jua linawaka. Akaja mzee mmoja wa Kimasai na ng'ombe wake. Nilimwamkia, akaitika, akatazama gari.

"Binti, toeni gari hapo."

"Mvua bado iko mbali, mzee."

"Mvua iko mbali. Maji yako karibu."

Tulilisogeza kwa kumheshimu tu. Haikupita robo saa, korongo likanguruma. Maji ya rangi ya udongo yalishuka na magogo na mbuzi mmoja, yakapita palepale kamera yangu ilipokuwa. Mikono ilinitetemeka mpaka tulipofika Kisongo.

Huko Marekani, ambako David Hoadley alianza kufuata dhoruba mwaka 1956, watu wana tonado, yaani nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka kwenye wingu la radi mpaka ardhini, na wana uzoefu nisioweza kuukaribia. Hata hivyo, tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado yenye upana wa zaidi ya kilomita 4 iliwaua Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Samaras alikuwa ametumia miaka mingi akiweka vifaa vya kupimia kwenye njia ya tonado. Usiku niliposoma habari yao nilimkumbuka yule mzee. Sasa kabla sijatoa kamera, natafuta kwanza maji yatapita wapi na gari litatokea wapi.

Nadunduliza nauli ya Mwanza. Juu ya Ziwa Victoria radi nyingi hupiga usiku, kwa sababu nchi kavu ikipoa, pepo kutoka kila upande hukutana katikati ya ziwa na kuisukuma juu hewa yenye unyevu. Wavuvi wanakuwa humohumo, na mitumbwi yao. Nataka kuliona wingu hilo likijengeka gizani, na nimeshaulizia chumba cha ghorofani chenye dirisha linalotazama ziwa.