Tulivyovusha mtambo wa upepo kisiwani Pemba, na tope lilivyonifunza kupanga

Nimeulizwa mara nyingi vipi tuliuvusha ule mtambo wa upepo mpaka kisiwani, bas naandika yote hapa maana wapo watakaokuja kufanya kazi kama hii na sitaki wapoteze pesa kama tulivyopoteza sie.

Mtambo wenyewe mdogo, kilowati tatu, mapanga matatu ya faiba, mlingoti wa mita 18 uliokatwa vipande vya mita sita sita, betri nane, na nanga nne za zege za kushikia waya. Unakwenda kuendesha pampu ya kisima kwenye kisiwa kidogo kusini ya Pemba, upande wa Chokocho. Mie ndie niliepewa kupanga safari yote kutoka gatini Mkoani.

Mara ya kwanza nilipanga kiofisi. Nimekaa na laptop, nikaweka Jumatatu kwa vile mafundi kutoka Dar wanafika Jumapili, na ilikuwa Julai, kusi limeshika hasa. Tukakaa siku tisa tunaitazama bahari, mafundi wanalipwa kwa siku, pesa zinayayuka. Siku ya kumi upepo ukapoa kidogo nikasema twende. Nahodha akaguna, akaniambia, "Mwanangu, mwezi leo wa nane, maji mafu haya, hatufiki juu." Maji mafu ni yale yasiyojaa sana. Sikumsikiliza. Tukanasa kwenye tope la mikoko, mchanga tunauona kwa mbele, maji yanapwa, jahazi likalala ubavu, betri mbili zikateleza zikapasuka na maji yake yakamwagikia kamba. Kosa lile ni langu na mpaka leo linaniuma.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma wanaojenga mashamba ya upepo katikati ya bahari wanafanyaje. Denmark walianza pale Vindeby mwaka 1991, mitambo 11, yote pamoja kama megawati 5, na 2017 wakaing'oa. Siku hizi panga moja tu linaweza kupita urefu wa mita 100. Lakini kilichonikamata mie si ukubwa, ni namna wanavyoiheshimu bahari. Wanaweka kabisa wimbi likipita urefu fulani mtu hashuki botini, upepo ukipita kasi fulani panga halinyanyuliwi, na siku za kungoja wanazitia kwenye bajeti tangu mwanzo, yani kungoja kwao ni sehemu ya kazi. Halafu wana meli zenye miguu, ikifika inateremsha miguu mpaka chini, inajinyanyua juu ya maji, inasimama kama meza ndio kreni ianze kazi, maana chombo kinachoelea kinayumba na panga linatakiwa likae sawasawa kwenye matundu ya bolti.

Nikamwonesha nahodha video ya meli ile kwenye simu. Akaitazama mara mbili, akasema, "Sie miguu yetu mchanga."

Hapo ndipo mpango wetu ulipozaliwa. Tungoje tangambili, kusi limekwisha na kaskazi halijaingia, tuchukue bamvua, yani maji makubwa, la baada ya mwezi mpevu. Kwetu bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi. Kwa hiyo tuingie alfajiri na mbaamwezi, tupande juu kabisa upande wenye mchanga mgumu, maji yakimbie jahazi likae chini limeegemezwa magogo pande zote mbili, tushushe taratibu juu ya ardhi kavu, jioni bahari iliinue yenyewe.

Likabaki suala la kupakia. Kitu kinachotakiwa mwanzo ndio hupakiwa mwisho, ila nanga za zege ndizo za mwanzo na ndizo nzito, na mzigo mzito lazima ukae chini ya jahazi. Tukazipeleka peke yake bamvua la kabla, wiki mbili nyuma, tukazichimbia kabisa. Na vyengine vyote nikavifunga kwa majaribio Mkoani kwanza, nashukuru Mungu nilifanya hivyo, maana nati za duka moja huko Dar zilizunguka mara mbili zikagoma, saizi siyo. Nikazikimbilia nyengine Chake siku ile ile. Ingekuwa kisiwani tumekwisha.

Tuliondoka Chokocho saa tisa usiku, bahari imetulia kama ya kwenye beseni. Saa kumi na nusu tuko juu ya mchanga. Nahodha akashuka akachomeka kijiti pale maji yalipoishia, akakaa kukitazama, mpaka maji yalipoanza kukiacha ndio akasema magogo yaingie. Saa mbili jahazi limekaa chini, halitikisiki. Mapanga yalishushwa na watu sita, yamevishwa magodoro, hakuna hata mkwaruzo mmoja. Mpaka saa sita mzigo wote uko juu, watu wanakula mihogo.

Karibu saa kumi na moja jioni maji yakafika tena kwenye kijiti. Jahazi likatikisika kidogo, likainuka, nahodha akalisukuma kwa upondo, sie tukabaki na mlingoti wetu tunangoja alfajiri nyengine isiyo na upepo ili tuusimamishe.