Siku moja maishani mwangu: kuandaa walimu Bukavu, mashariki mwa Kongo, mji ambao maji huchemka kwa digrii 95

Saa kumi na mbili asubuhi

Kazi ya kwanza ni barafu. Alhamisi ni siku ya staji, mazoezi ya kufundisha shuleni, na kipimajoto ambacho hakijakaguliwa hakitoki nyumbani. Barafu iliyonunuliwa jana jioni kwa muuza juisi inapondwa ndani ya kitambaa, inajazwa kikombe, kisha maji kidogo ya kuilowanisha. Kipimajoto kinakaa humo dakika tatu. Kikisoma 0, kinaingia kikapuni. Kikisoma 2, kinabandikwa karatasi: "toa 2". Uzi wake mwekundu, yaani kimiminika cha ndani, ukiwa umekatika katikati, kinabaki mezani. Somo la leo lote linasimama juu ya tofauti ya digrii tano, kati ya 95 na 100, kwa hiyo kosa la digrii mbili linatosha kuliua.

Vingine kikapuni: vipimajoto viwili vinavyofika 110 (kimoja cha akiba, maana huvunjika), sufuria ndogo, sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, saa yenye mshale wa sekunde, rula, na uzi wa kushonea. Uzi wa kufumia sweta haufai, unanyumbuka. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeleta kipimajoto cha zahanati. Kile huishia 42, na kikitumbukizwa kwenye maji ya moto hupasuka.

Saa mbili

Chuoni, somo la mbinu za kufundisha. Walimu watarajiwa wa shule ya msingi wanakuta ubaoni fishi mbili za somo, yaani mipango miwili ya somo. Ya kwanza: "Mti una majani 7. Mbuzi amekula 3. Yamebaki mangapi?" Ya pili: watoto wanapima urefu wa mche wa haragwe kila siku, wanaandika kwenye daftari, mwisho wa wiki wanauchora mche na kuupaka rangi. Swali ni moja: ipi imeunganisha hesabu na sayansi?

Karibu darasa zima huchagua ya pili. Jibu ni kwamba hakuna. Kwenye ya kwanza, weka viti mahali pa majani na hakuna kinachobadilika. Ile ni hesabu iliyovaa kanzu ya sayansi. Kwenye ya pili namba zimekusanywa, zikalala daftarini. Hakuna aliyetoa urefu wa Jumatatu kwenye urefu wa Jumanne, hakuna aliyeuliza mche uliongezeka sana siku gani na siku hiyo kulikuwa na nini.

Kipimo tunachotumia hakina falsafa: futa hesabu yote kwenye fishi, kisha soma swali la sayansi. Kama bado linajibika, hesabu ilikuwa pambo. Halafu fanya kinyume, futa sayansi. Kama hesabu inaendelea kama kawaida, sayansi ndiyo iliyokuwa pambo. Fishi nyingi za wiki za kwanza huanguka pande zote mbili, na si kwa uvivu. Kitabu cha hesabu na kitabu cha sayansi viliandikwa mbalimbali, na ratiba ya shule inaviweka saa tofauti.

Saa tatu na nusu

Timazi ya fundi mwashi inageuka kuwa chombo cha maabara. Jiwe linafungwa kwenye uzi, uzi unaning'inizwa msumarini, jiwe linasogezwa upande kidogo na kuachiwa. Kila kikundi kinahesabu mabembeo 10, kwenda na kurudi ni moja. Uzi ni sentimita 25.

Inatakiwa itoke sekunde 10 au karibu sana. Vikundi viwili vinapata 9, na sababu ni ileile ya kila mwaka: mwenye kuhesabu alisema "moja" alipokuwa akiachia jiwe. Wakati ule ni sifuri. Kwa hiyo alihesabu mabembeo 9 akayaita 10. Sifuri inayofundishwa darasa la kwanza kama "hakuna kitu" hapa ina kazi, ni mahali pa kuanzia, na mwalimu asiyeihisi mkononi hataweza kumweleza mtoto anayeanza kupima na rula kwenye 1.

Kikundi kingine kinapata sekunde 11. Kilipima uzi mpaka kwenye fundo, na jiwe lake ni kubwa. Urefu hupimwa kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe.

Kisha wanatabiri, kwa maandishi, kabla ya kugusa: uzi ukiwa sentimita 100, mara nne ya ule, mabembeo 10 yatachukua muda gani? Wengi huandika 40. Saa inasema 20. Wanarudia, wanabadilisha jiwe kwa kufuli, inabaki 20. Kelele inayofuata ndiyo niliyoitaka, maana sasa wanahitaji jedwali na vipimo vya katikati, vya sentimita 50 na 75. Mwenye kukimbilia kutoa kanuni yenye kipeuo cha pili hapa anaharibu. Wao wenyewe watafundisha watoto wa miaka 11, na mtoto huyo anaweza kuona kwamba urefu mara nne unaleta muda mara mbili bila kanuni yoyote.

Saa nne na nusu

Shule ya msingi, darasa la sita, watoto zaidi ya hamsini. Mwanafunzi wa staji anafundisha, mimi nakaa nyuma na daftari. Mbabula, jiko la makaa, imewekwa barazani, mlangoni, si ndani: makaa yana hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto wa benchi la mbele wasisogee karibu ya mita mbili. Maji ni mililita 300 tu, yaliyopimwa kwa sirinji na watoto wenyewe, mara 15. Ukitia lita nzima, kengele inalia kabla ya kuchemka.

Kipimajoto kimoja, watoto hamsini. Hapo ndipo masomo mengi huvunjikia, mmoja anasoma na wengine wanapigana. Dawa yake ni kwamba kila dakika, kabla ya msomaji kutamka namba, kila mtoto anaandika anachokisia. Balbu ya kipimajoto isiguse chini ya sufuria, na jicho liwe sawa na uzi mwekundu. Ukitazama toka juu, unasoma zaidi ya kilichopo.

Safu inayojitokeza ubaoni, dakika kwa dakika, huwa ya namna hii: 22, 31, 42, 53, 64, 74, 83, 90, 94, 95, 95, 95.

"Mayi iko natokota lakini haipande tena!" anapiga kelele mmoja. "Juu ya nini?"

Hapo mwanafunzi wa staji anafanya jambo zuri. Hajibu. Anawaambia watoe kila namba kwenye ile inayofuata. Yanatoka 9, 11, 11, 11, 10, 9, 7, 4, 1, 0, 0. Kutoa kwa kawaida, kwa darasa la tatu, lakini ile safu ya pili inaonyesha ambacho ya kwanza ilificha: moto haujapungua, makaa ni yaleyale, ila kupanda kumekufa.

Halafu anafanya jambo baya. Anafuta 95 ya mwisho na kuandika 100.

Saa saba

Mkate na chai barazani, na mazungumzo ambayo ni nusu ya kazi yangu.

"Mwalimu, kitabu kinasema 100. Na kwenye mtihani wa mwisho wa darasa la sita, wakiandika 95 watakosa."

Ana haki ya kuogopa. Lakini kipimajoto kilipita kwenye barafu asubuhi, kikasoma 0. Chombo hakidanganyi, kitabu nacho hakidanganyi: kinasema 100 kwa maji yaliyo usawa wa bahari. Ziwa Kivu, ambalo Bukavu iko kando yake, liko mita 1,460 juu ya bahari, na nyumba za Kadutu, sehemu ya mji huu, ziko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, nguvu ya hewa ya kukandamiza maji inapungua, na kiwango cha mchemko kinashuka karibu digrii moja kwa kila mita 300. Gawa 1,500 kwa 300, unapata 5. Toa 5 kwenye 100.

Ukifuta 95, umefuta somo la mgawanyo ambalo watoto wangelifanya kesho kwa hamu. Ziwa Tanganyika, pale Uvira, liko mita 770 hivi: maji yatachemkia ngapi? Kilele cha Nyiragongo ni mita 3,470: je? Na swali ambalo kila mama wa Bukavu analijua kwa mfuko wake wa makaa, kwa nini maharagwe yaleyale yanaiva upesi zaidi Uvira? Mtihani wataujibu vizuri wakijua sentensi nzima, "100 kwenye usawa wa bahari", badala ya namba peke yake.

Kuna kikwazo kingine tulichokigusa: neno. Watoto wanasema "moto" kwa kila kitu, mayi ya moto, jua la moto, mtoto mwenye moto mwilini. Wakifika kwenye Kifaransa wanachanganya joto na halijoto. Sufuria inayotokota inaendelea kupokea joto, halijoto yake imesimama. Bila maneno mawili, zile sifuri mbili za mwisho haziwezi kuelezwa, kwa lugha yoyote.

Saa nane na nusu

Kusahihisha grafu, wengine wameenda kupumzika. Kosa kubwa linajirudia kwenye karatasi karibu nusu, za watu wazima: kwenye mhimili wa wima wameandika 22, 31, 42, 53… kwa umbali sawa, kila kipimo kwenye mstari wake wa daftari. Matokeo yake grafu yoyote hupanda kama ngazi iliyonyooka. Mkunjo pale juu, ambao ndio habari yenyewe, umemezwa. Dawa: kabla ya nukta ya kwanza, andika 0, 10, 20 hadi 100, miraba miwili kwa kila 10, na mwenzako akague kabla hujaendelea. Siandiki alama ya makosa, narudisha karatasi na swali moja: "Kutoka 83 hadi 90, na kutoka 42 hadi 53, wapi maji yalipanda zaidi? Nionyeshe kwenye mchoro wako."

Saa kumi na moja jioni

Maandalizi ya wiki ijayo: kivuli. Bukavu iko karibu digrii 2 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo fimbo ya mita moja saa sita mchana hutupa kivuli cha sentimita 49 hivi kuelekea kusini mwishoni mwa Juni, na 38 hivi kuelekea kaskazini mwishoni mwa Desemba. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinasema kivuli cha saa sita huelekea kaskazini, nukta. Kuna fishi moja ya mwaka jana iliyonakili hivyo, na nitaanza nayo.

Kivuli kifupi kabisa hakiji saa sita kamili, hivyo wapime kila dakika 5, kuanzia saa sita kasoro robo hadi na robo, na wachukue kilicho kifupi. Fimbo ikiinama kidogo tu, vipimo vyote vinaharibika. Kwa hiyo kikapuni ninarudisha uzi na jiwe la asubuhi: timazi, safari hii kwa kazi ya fundi mwashi.