Bryce Young na ukurasa wangu wa Septemba

Charlotte, Jumanne, Januari 7, 2025

Usiku huu nimefungua daftari langu na kuutafuta ukurasa wa Septemba 16, siku ambayo kocha Dave Canales alimweka benchi Bryce Young, kwotabeki kijana wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, baada ya mechi 2 tu za msimu. Niliandika kwa kalamu nyekundu kwamba kijana huyu hafai, na kwamba kila wiki atakayoongezewa na Carolina Panthers itakuwa wiki iliyotupwa. Hapakuwa na "labda" wala "huenda" katika sentensi ile. Juzi Jumapili kijana huyohuyo alikwenda Atlanta, akarusha pasi 3 za tachidauni (mpira kufikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani, bao kubwa la mchezo huu), akakimbia na mpira mwenyewe akafunga 2 nyingine, na timu yetu ikashinda 44 kwa 38 katika muda wa nyongeza. Ushindi mmoja wa mwisho wa msimu, dhidi ya ulinzi usio mkali, haunitoshi kuufuta ukurasa ule; lakini hukumu yangu ilikuwa kali mno kuachwa bila kuulizwa ilitoka wapi.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye kandanda tu, kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, naye huwa na sekunde 2 au 3 za kusoma namna wapinzani 11 walivyojipanga, kumchagua mpokeaji na kurusha, huku majitu yanayozidi kilo 100 yakimjia. Golikipa akikosea hulaumiwa kwa bao moja. Kwotabeki hulaumiwa kwa msimu mzima, na wakati mwingine kwa kibarua cha kocha kilichoota nyasi.

Young hakuja hapa kwa kubahatishwa. Mwaka 2021 alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa Chuo Kikuu cha Alabama, na ili kumteua wa kwanza katika drafti ya 2023, yaani zamu za timu kuteua wachezaji wapya, Panthers waliwapa Chicago Bears nafasi yao ya 9, nafasi ya raundi ya pili ya mwaka huohuo, nafasi ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na juu ya hayo yote DJ Moore, mpokeaji wao bora. Ile nafasi ya 2024 ikaja kuwa ya kwanza kabisa, na Chicago wakamchukua Caleb Williams. Naye C.J. Stroud, aliyeteuliwa wa pili nyuma ya Young, alirusha yadi 4,108 msimu wake wa kwanza kule Houston na pasi zake 5 tu zikanaswa na wapinzani. Wa kwetu alirusha yadi 2,877, akapata tachidauni 11, pasi 10 zikanaswa, na katika mechi 16 alizoanza alishinda 2. Nilikuja kugundua kwamba hapa kazini kwetu watu hawapendi kulitaja jina la Stroud, kama familia isiyotaka kukumbushwa posa iliyoikataa.

Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu nilipohamia mji huu, hajawahi kuzikubali takwimu hizo. "Shemeji," aliniambia siku ile ya Septemba, "unamhukumu mpishi aliyepewa kuni mbichi."

Kuni zenyewe nazijua, wala sibishi kwamba zilikuwa mbichi. Katika msimu wa 2023 Young aliangushwa na mpira mkononi mara 62. Kocha mkuu Frank Reich alianza msimu akiita mashambulizi mwenyewe, yaani kuchagua kila shambulizi litakalochezwa, katikati ya Oktoba akamkabidhi Thomas Brown kazi hiyo, baada ya mechi 3 akamnyang'anya, kisha Novemba 27 Reich akafukuzwa na kazi ikarudi kwa Brown. Siku hiyohiyo aliondolewa pia Josh McCown, mwalimu wa makwotabeki, yaani mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na kijana huyu chumba kimoja na kumfundisha. Mechi 2 za mwisho za mwaka timu haikupata hata pointi moja. Mwanafunzi akibadilishiwa mwalimu namna hiyo katikati ya muhula, matokeo ya mtihani wake yanasema mengi kuhusu shule kuliko kuhusu yeye.

Lakini mwezi Machi 2024 kuni zilibadilishwa, na hapo ndipo huruma yangu iliponiishia. Panthers walimleta mzuiaji Robert Hunt kwa mkataba wa miaka 5 na dola milioni 100, wakamleta Damien Lewis kwa miaka 4 na dola milioni 53, na wote wawili wanacheza katikati ya ukuta, mbele kabisa ya Young. Canales mwenyewe aliajiriwa kwa sifa ya kufufua makwotabeki. Pasi ya kwanza ya msimu ikanaswa. New Orleans wakatufunga 47 kwa 10, wiki iliyofuata Chargers wakatufunga 26 kwa 3, na katika mechi hizo 2 Young alirusha yadi 245 bila tachidauni ya pasi hata moja, pasi 3 zikanaswa. Kilichonishinda kuvumilia hasa ni miguu yake: alikuwa akirudi nyuma kabla hajafikiwa na mtu yeyote, kama mtoto anayefumba macho kabla sindano haijamgusa.

Kisha akaingia Andy Dalton, mzee wa miaka 36, na wazuiaji walewale na wapokeaji walewale, akawafunga Raiders 36 kwa 22 kwa yadi 319 na tachidauni 3. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilimpigia shemeji simu usiku uleule nikamwuliza kuni mbichi ziko wapi.

Sasa ninauona udhaifu wa hoja yangu, na aibu yake ni kwamba niliuona wiki 4 tu baadaye nikaamua kunyamaza. Dalton alipoteza mechi 4 mfululizo baada ya ule ushindi, ya mwisho ikiwa 40 kwa 7 kule Washington. Ushahidi nilioushangilia ulikuwa mechi moja. Kama mechi moja haitoshi kumsafisha Young leo, basi haikutosha kumtia hatiani wakati ule.

Tunapozungumza juu ya kumpa kijana muda huwa tunasema kama kwamba kuna mtu mwenye hekima aliyeketi akapanga, lakini Young hakurudishwa uwanjani kwa mpango wa mtu. Oktoba 22 Dalton alipata ajali ya gari na kuumia kidole gumba cha mkono wa kurushia, na Jumapili iliyofuata Young akaanza kule Denver kwa sababu hapakuwa na mwingine. Tukafungwa 28 kwa 14. Kwa wiki kadhaa Canales aliendelea kumthibitisha mechi baada ya mechi tu, kama kibarua anayelipwa jioni. Lau kidole cha Dalton kingekuwa kizima, huenda ningeendelea kujiona mwerevu, na kijana angekuwa njiani kuelekea timu nyingine.

Tangu siku ile ya Denver hadi juzi Atlanta, Young aliongoza mechi 10, akashinda 4, akarusha tachidauni 15, na pasi 6 zikanaswa. Hizo ni takwimu nzuri kiasi, ingawa si za kupigiwa vigelegele. Zaidi ya hizo nimeandika niliyoyaona kwa macho, na mengi yamo katika mechi tulizoshindwa. Novemba 24, dhidi ya Kansas City waliokuwa mabingwa kwa miaka 2 mfululizo, aliisogeza timu hadi tukasawazisha 27 kwa 27 zikiwa zimebaki chini ya dakika 2, kisha tukafungwa kwa teke la mwisho. Wiki moja baadaye, dhidi ya Tampa Bay, alimtafuta Adam Thielen zikiwa zimebaki sekunde 30, tukaongoza. Wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza mwenzetu akadondosha mpira. Tarehe 8 Desemba kule Philadelphia alianzia karibu kabisa na mstari wetu wenyewe, akaivusha timu katikati ya uwanja, akarusha pasi ndefu ambayo ingetupa uongozi mwishoni mwa mechi, nayo ikamponyoka Xavier Legette mikononi. Matokeo yanasema ni mechi 3 za kushindwa. Mimi nilikuwa naitazama miguu ileile ya Septemba, na sasa ilikuwa inapiga hatua kwenda mbele, ndani ya boma la wazuiaji, macho yakiwa kwa wapokeaji wa mbali badala ya kwa watu wanaomjia. Sijui kocha alimwambia nini katika zile wiki 5 za benchi, lakini mtu aliyerudi hakuwa na woga wa yule aliyeondolewa.

Ni lazima niandike pia siku mbaya, nisije nikageuka kuwa wakili wake. Desemba 15 Dallas walimvuruga hapahapa nyumbani, akapoteza mpira mara 4, na woga wa zamani ukachungulia tena. Desemba 29 Tampa Bay walitupiga 48 kwa 14. Umbo lake pia halitabadilika: ana urefu wa sentimita 178 hivi, na kuna pasi za katikati ambazo kwotabeki mrefu huziona bila taabu, ilhali yeye hana budi kusogea pembeni ili azione. Hayo hayaponywi na muda. Upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo si kosa lake hata kidogo, kwamba ulinzi wetu umeruhusu pointi 534 msimu huu, nyingi kuliko za timu yoyote katika historia ya ligi. Kijana anayeingia uwanjani akiwa nyuma kwa pointi 14 hulazimika kurusha hata pale ambapo busara inamwambia akimbize mpira.

Wapenzi wa Young hupenda kumtaja Josh Allen wa Buffalo, ambaye msimu wake wa kwanza wa 2018 asilimia 52.8 tu ya pasi zake zilifika, na miaka 2 baadaye zikawa asilimia 69.2. Au Jared Goff, aliyepoteza mechi zote 7 alizoanza mwaka 2016, akapata kocha mpya, na msimu wa 2018 akafika Super Bowl, fainali ya ligi. Mifano hii ni ya kweli, ila inachagua walionusurika. JaMarcus Russell naye aliteuliwa wa kwanza, mwaka 2007, akapewa misimu 3 kule Oakland, na hakuna anayemtaja kama hoja ya subira. Kwa hiyo mfano unaonigusa zaidi ni wa nyumbani. Panthers walimchukua Sam Darnold mwaka 2021, wakamchukua Baker Mayfield mwaka 2022, wakamwacha Mayfield kabla msimu haujaisha na Darnold baada ya msimu huo. Darnold amemaliza msimu huu na Minnesota akiwa ameshinda mechi 14 na kupoteza 3; Mayfield ndiye kwotabeki wa hao Tampa Bay waliotufunga mara 2 na kutwaa kundi letu. Mji huu umekwisha kusema "hafai" kwa watu 2 waliofaa kwingine, nami nilikuwa mmoja wa wasemaji. Inawezekana tatizo letu ni kuona, kabla ya kuwa tatizo la subira.

Shemeji ana hoja nyingine ambayo siikubali kabisa. Yeye husema kwamba kwa bei tuliyolipa hatuwezi kumwacha. Bei imekwisha kulipwa, Moore yuko Chicago na Williams yuko Chicago, na maji yakimwagika hayazoleki. Kama Young hafai, nafasi tulizozitoa hazitarudi kwa sababu tumeendelea kumng'ang'ania. Hesabu yenye uzito ni ya mbele. Mkataba wake wa miaka 4 una thamani ya karibu dola milioni 38, kiasi kidogo kwa kwotabeki anayeanza, na hadi Mei 2026 timu inapaswa kuamua kama itauchukua mwaka wa tano, ambao ni ghali zaidi. Maana yake ni kwamba msimu wa 2025 unaweza kutumika kumpima bila kumfungia mlango mtu mwingine, mradi kocha na mwita mashambulizi wabaki walewale, ili kwa mara ya kwanza tumwone akisoma kitabu kimoja kwa miaka 2.

Kwa hiyo ninampa msimu mmoja, na ninauandika kwa kalamu ya bluu chini ya yale maandishi mekundu, ambayo nimeyaacha kama yalivyo. Nitakachokitazama ni siku kama ile ya Dallas: je, wiki inayofuata miguu itarudi nyuma au itapiga hatua mbele? Mwaka 2023 siku moja mbaya ilizaa mwezi mbaya. Safari hii, baada ya Dallas, wiki moja tu ilipita akawafunga Arizona 36 kwa 30 katika muda wa nyongeza, na nadhani wiki ile ndiyo iliyonibadilisha, kuliko Atlanta.

Jana shemeji alinipigia akiimba, ameshaanza kuzungumzia ubingwa, nikamkumbusha habari za mgema anayesifiwa. Akacheka, akaniuliza kama tununue tiketi za msimu kwa ubia. Nimemwambia asubiri drafti ya mwezi Aprili, kwanza nione kama watateua walinzi.