Siku Moja Maishani Mwangu: Matatu, Pikseli na Namba ya Mbegu

Saa moja asubuhi. Stendi ya Donholm. Ni Julai, baridi inauma na mbingu ni kijivu kitupu. Wapiga picha wengi huulalamikia mwanga huu, mimi naupenda. Hakuna kivuli kikali, na rangi za matatu zinatoka vile zilivyo. Napiga picha ubavu wa kila gari linalosimama, baadaye niuvuruge kwa kompyuta uwe sanaa, hadi kondakta mmoja ananiuliza kama nimetumwa na polisi. Simu nimeiweka ihifadhi faili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoinasa, si JPEG iliyobanwa. JPEG huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli (nukta za rangi zinazoiunda) 8 kwa 8 na kukibana kila kimoja peke yake. Kwa macho huvioni, lakini ukianza kuivuruga picha vinajitokeza kila mahali.

Saa mbili. Nafungua studio, River Road, orofa ya pili. Asubuhi ni ya picha za pasipoti, ndizo zinazolipa kodi. Kidevu juu kidogo, miwani toa, usicheke. Hakuna la kusimulia hapo.

Saa nne na nusu. Wateja wamepungua, nafungua Processing. Ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2001 na Ben Fry na Casey Reas wakiwa MIT, Marekani, ili wasanii waweze kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, bila kusomea uhandisi. Laptopu yangu ni mtumba wa Luthuli Avenue, nayo inaibeba bila taabu.

Leo napanga pikseli. Kila mstari wa picha unachukuliwa peke yake, pikseli zake zinapimwa mwangaza, kisha zinapangwa kutoka yenye giza hadi angavu. Upimaji wenyewe hauzitendei rangi sawa: kijani hupewa uzito wa 0.587, nyekundu 0.299, buluu 0.114 tu, kwa kuwa jicho la binadamu huusikia mwangaza wa kijani zaidi. Ukipanga mstari mzima unapata pazia la rangi lisilosema lolote. Kazi iko kwenye vizingiti. Naiambia programu iguse tu pikseli zenye mwangaza kati ya 60 na 200, katika kipimo cha 0 hadi 255. Basi magurudumu meusi na taa kali vinabaki mahali pake, na bodi ya gari inachuruzika kuelekea kando.

Mjerumani Kim Asendorf ndiye aliyeitangaza mbinu hii, mwaka 2010, na imeigwa mpaka ikachosha. Sitaki tena kuona mlima uliomwagika. Lakini matatu ya Nairobi ni mchoro hata kabla hujaigusa, kwa hiyo unavuruga kitu ambacho mtu mwingine alikwisha kukipanga. Hapo bado kuna utamu.

Saa saba. Chapati na ndengu kibandani. Mama wa cherehani, jirani yangu, ananichokoza: "Si siku hizi unaandika tu maneno, mashine inachora?"

"Hiyo ipo, mama, ila yangu si hiyo." Namweleza kwamba Georg Nees alionyesha michoro ya kompyuta Stuttgart mwaka 1965, na kwamba Vera Molnár, kule Paris, alianza kuitumia kompyuta mwaka 1968, akichora miraba iliyopangwa sawasawa kisha akiivuruga kidogo kidogo. Kila sheria waliiandika wenyewe.

"Yaani wewe unakata pateni, mashine inashona."

Karibu. Ila pateni yake hutoa gauni lile lile kila siku, yangu hutoa jingine kila nikibonyeza.

Saa tisa. Anaingia mwenye matatu. Anataka ubavu mzima upambwe, na ameipenda ile picha iliyochuruzika. "Dada, nipe hiyo hiyo, ikae kubwa."

"Boss, hiyo haitafika." Hesabu ni rahisi. Stika ya gari huangaliwa kwa mbali, kwa hiyo nukta 100 kwa inchi zinatosha. Hata hivyo mita 1 inadai pikseli 3,937, na ubavu wa mita 6 unadai zaidi ya 23,600. Picha ya simu yangu ina upana wa pikseli 4,000.

Basi picha inabaki kuwa chungu cha rangi tu. Nachota rangi za gari lake mwenyewe, na mistari naichora upya kwa kelele ya Perlin, hesabu ya kuzalisha namba za nasibu. Ken Perlin aliibuni mwaka 1983 baada ya kufanya kazi kwenye filamu ya Tron, na mwaka 1997 Akademia ya filamu ya Marekani ilimtuza kwa ajili yake. Namba za nasibu tupu hazijuani, kila moja inaruka kivyake. Za Perlin hufuatana na jirani zake, hivyo mistari inapinda na kutiririka. Ukubwa wa mawimbi naufunga kwenye upana wa picha, si kwenye idadi ya pikseli; la sivyo sampuli ya skrini na chapa ya mita 6 zitakuwa michoro miwili tofauti. Namba ya mbegu, ile inayoanzisha namba za nasibu, naiandika kwenye jina la faili, kwa sababu mbegu ile ile na msimbo ule ule hurudisha mchoro ule ule, hata stika ikichunwa mwakani.

Saa kumi na moja. Nashuka kwa mchapaji na kipande cha majaribio. Kama kawaida, ile kijani ya umeme ya kwenye skrini wino hauiwezi. Nairudisha rangi nyuma hadi kitu ambacho wino unakiweza, kisha nakoleza buluu iliyo kando yake ili kijani ionekane kali kwa kulinganishwa. Mchapaji anasema ni sawa. Huyu hasifu ovyo.

Saa mbili usiku. Nimemtumia mteja mbegu kadhaa. Anachagua yenye nyekundu nyingi, anapunguza bei mara mbili, namkatalia mara moja. Amana imeingia kwa M-Pesa. Kesho fundi wa stika anapima madirisha.