Mita ya Mwalimu

Basi lilituchukua Mombasa alfajiri likatufikisha Dar es Salaam usiku, na kiti changu hakikuegemeka njia nzima. Kwenye boti ya Unguja nilitozwa nauli ya mgeni, tena kwa dola, ingawa karani tulielewana vizuri kwa Kiswahili changu cha Kilifi. Niliudhika hadi tukafunga gati.

Paje, kijiji cha pwani, ikanisahaulisha. Mwajiri wangu yuko New York, hunilipa dola 4,000 kwa mwezi, na huku hizo ni kama shilingi milioni 10. Bibi mwenye nyumba alitaka dola 400 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mbele. Sikuomba apunguze hata kidogo. Nilianza kazi saa kumi jioni, kwao kukiwa asubuhi, nikamaliza usiku wa manane. Maji yakitoka, nilitazama kina mama wakifunga mwani kwenye kamba. Miezi miwili ikapita hivyo.

Usiku mmoja, katikati ya kikao, giza. Nilidhani ni kisiwa kizima, maana bibi alikuwa amenisimulia ile miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa bila umeme wa bara. Nikachungulia: kwa jirani taa zinawaka. Uniti zangu ndizo zilizokwisha. Nikakimbilia dukani kununua tukuza, ambayo kwetu tunaiita tokeni.

Nilianza kusoma namba ya mita, mwenye duka akaimalizia kwa kichwa.

"Hii mita ya Mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

Akaelekeza kidevu barazani. Palikuwa na mtu mzima amejikunja juu ya mkeka, mkoba wa madaftari chini ya kichwa. Nikamwamkia shikamoo, akaketi, akanikaribisha kahawa. Alikaa ile nyumba miaka sita, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Zilipokuja habari za dola, akapewa mwezi mmoja atoke. Sasa yuko Makunduchi kwa shemeji yake, yeye, mkewe na watoto watatu chumba kimoja, na kila siku hupanda daladala kuja kufundisha Paje. Siku hiyo gari la mwisho lilimwacha.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mlango wa uani bado unakwama? Unyanyue kwanza, ndipo usukume."

Kikao sikukirudia. Nilikumbuka Bofa, kwetu Kilifi, mwaka niliomaliza shule, mama alipoambiwa atafute kwingine kwa sababu amepatikana mpangaji anayelipwa kutoka Ulaya. Yule bwana alitusaidia kupakia vitanda kwenye mkokoteni. Alikuwa mpole kabisa. Nilimchukia miaka.

Asubuhi nilimuuliza bibi kwa nini hakuniambia.

"Hukuuliza, mwanangu. Nami nina wajukuu wanne na paa linavuja."

Paa nimeliona, linavuja kweli. Sikuwa na la kumjibu.

Kodi yangu imebaki miezi minne. Nimemwambia Mwalimu, gari likimwacha tena asilale barazani. Aingie kwa mlango wa uani.